Nani Aliyeisimamisha Okestra?

Sogeeni karibu, na anayependa kujibu kabla ya kuulizwa ajizuie kidogo, maana kesi hii imewashinda watu wazima.

Katika mji mmoja wa Upareni, juu kule kwenye baridi, palikuwa na okestra ya watu arobaini, na ndani yake watatu wenye vipaji. Nakundwa, fundi cherehani na mpiga besi, alikuwa na mikono. Kilichovunjika akikigusa, kinapona. Senkondo, mpiga fidla, alikuwa na ulimi. Angeweza kumuuzia mkulima wa tangawizi tangawizi yake mwenyewe. Mzee Mrutu, mpiga ngoma, alikuwa na masikio. Katika wimbo mzima hupiga mara tatu tu, muda uliobaki anasikiliza, na kosa halimpiti.

Okestra ile ilikuwa ya mji kwelikweli. Bibi harusi hakutoka kwao, wala maiti hakutoka nyumbani, bila okestra kumsindikiza. Wimbo ulikuwa ule ule mmoja, ila mwanzilishi wao, Mwalimu Elieza, aliuandika kwenye karatasi mbili. Ya harusi ilikuwa juu, Do ni G. Ya msiba ilikuwa chini, Do ni F.

Mwalimu akafariki. Fimbo yake ya kuongozea akamwachia mkewe, Bi Namkunda, na wosia wa mstari mmoja: "Apewe atakayeisimamisha okestra."

Basi okestra ikalala. Miezi minane hakuna aliyepiga hata noti moja. Halmashauri nayo ikatangaza kwamba ukumbi wao utakuwa ghala la mbolea, labda okestra ipige Jumamosi ya mwisho wa mwezi na ukumbi ujae pomoni. Bi Namkunda alilia. Mumewe alifundisha humo miaka thelathini, na moyo wake ulikataa kabisa kuuona ukumbi ule umejaa magunia.

Nakundwa akafungua stoo. Fidla kumi na mbili hazina nyuzi, besi imepasuka tumbo. Akagundisha, akakaza, akapiga msasa. Uzi mnene wa besi haukupatikana popote, akafunga waya wa breki ya baiskeli.

"Mume wangu anauliza breki zake ziko wapi," aliwaambia wenzake. "Nimemwambia ateremke mlima polepole."

Senkondo akashika njia. Sokoni, kanisani, msikitini, nyumba hadi nyumba. Watu walimjibu kwamba muziki ule ni wa waliosoma. Hakubishana nao.

"Shikamoo mama. Siku ya kumzika mzee wenu, nani walipiga mpaka ukapata nguvu ya kunyanyuka?"

"Marahaba." Mama yule aliweka ungo wake chini. "Jumamosi saa ngapi, mwanangu?"

Jumamosi saa nane mchana watu walikuwa wamekaa mpaka madirishani.

Wakaanza, na ndipo balaa lilipotokea. Wapiga fidla walikuwa wameshika karatasi ya harusi, wapiga tarumbeta ya msiba. Fimbo ilikuwa bado kwa mjane, hakuna aliyekuwa akiongoza, na kila upande ulidhani unaokosea ni ule mwingine. Basi wakazidisha sauti. Watu wakaanza kucheka. Mwenyekiti wa halmashauri, mstari wa mbele, akafunga daftari lake akachukua kofia.

Mzee Mrutu akanyanyuka. Tangu okestra iwepo, hakuna aliyeruhusiwa kuikatiza isipokuwa kiongozi. Alipiga ngoma yake pigo moja, ukumbi mzima ukashtuka, okestra ikanyamaza kimya.

"Nusu yenu mko harusini, nusu mko msibani!" alifoka. "Tarumbeta, badilisheni karatasi! Leo hatuziki mtu!"

Wakaanza upya, wote harusini. Jamani, walipiga! Kina mama walipiga vigelegele, wazee waliacha fimbo zao wakacheza, na mwenyekiti akarudisha kofia kitini.

"Ukumbi ni wenu," alisema mwishoni. "Ila nataka jina la kiongozi sasa hivi. Ukumbi hauandikwi kwa watu wasio na mkubwa."

Bi Namkunda akapanda jukwaani na fimbo, akausoma wosia kwa sauti.

"Ni yangu, mama," alisema Nakundwa. "Okestra ilikuwa imelala chali stoo. Mimi ndiye niliyeinyanyua ikasimama."

"Ikasimama juu ya nini?" aliuliza Senkondo. "Okestra husimama juu ya watu, na watu niliwaleta mimi."

Mzee Mrutu akacheka. "Kiswahili hamkijui? Gari likienda, ukalifanya lisiende, umelisimamisha. Hawa wote wameniona nikiisimamisha okestra. Nisingeisimamisha, saa hizi mngekuwa mnapokea mbolea."

Ukumbi ukagawanyika mafungu matatu, kila fungu na mtu wake. Bi Namkunda akawatazama wale watatu. Asiye na mikono ya Nakundwa hana cha kupiga. Asiye na ulimi wa Senkondo hana wa kumpigia. Asiye na masikio ya Mrutu, bora asipige. Na yeyote kati yao atakayenyimwa fimbo anaweza kwenda zake.

"Mume wangu alijua Kiswahili kuliko sisi sote," alisema. "Sijui kwa nini hakuongeza neno moja tu."

Mwenyekiti kafungua kalamu, anasubiri jina. Mimi msinitazame, kazi yangu ilikuwa kusimulia. Je, wewe ungekuwa Bi Namkunda, fimbo ungempa nani?