Harusi Isiyo na Nyuso

Mbacha ni mkeka mkuukuu, uliolika pembeni na kufumuka katikati, ambao hakuna mwenye adabu anayemtandikia mgeni. Msala ni mkeka mzuri wa kuswalia, na huu wanaousema wahenga ni ule unaopita njiani begani mwa mtu mwingine. Anayeutupa wake kwa sababu ameona wa mwenzake ukipita, atalala chini. Wapo wajuaji wanaodhani kwamba methali hii ilitungwa na wazee wenye wivu ili vijana wasipende vitu vipya. Nao waisikilize habari ya Usumani, mpiga video wa Nyamirambo, kisha waseme.

Usumani alikuwa mjukuu wa mchuuzi wa nguo aliyetoka pwani na kuhamia Kigali zamani za Wabelgiji. Studio yake ilikuwa chumba kimoja nyuma ya duka la fundi cherehani. Alikuwa na kamera ya kubeba begani, deki mbili za video na televisheni moja. Kazi alifundishwa na mjomba wake, mpiga picha, ambaye alimwachia sheria moja tu: ukifika harusini pita kiti kwa kiti, na kila uso uhesabie mpaka kumi. Usichague mzuri wala tajiri. Aliyekuja harusini amekuja kuonekana.

Basi kaseti za Usumani zilikuwa ndefu kama mwezi wa mfungo. Watu walimtania barabarani. "Usumani, ile harusi yako nilianza kuiangalia sina ndevu, imekwisha nina mvi!" Hata hivyo hakuna aliyeondoka mbele ya televisheni kabla uso wake haujapita. Utasikia mtu mzima, baba wa watoto saba, akipiga kelele, "Nyamazeni! Mimi huyo! Mimi huyo!" Usumani alicheka nao, akala na kushiba kwa kazi hiyo, na hakujua kwamba alikuwa na kitu.

Mwanzoni mwa mwaka 1993 akazoeana na Sibomana, aliyekuwa akipiga muziki katika disko moja mjini. Sibomana alikuwa na kaka yake Ubelgiji, na kaka huyo alimtumia kaseti ya video za muziki wa hausi alizozirekodi kwenye televisheni ya huko. Muziki wenyewe ni pigo moja linalogonga bila kupumzika, na juu yake sauti ya mwanamke anayerudia maneno mawili matatu. Lakini Sibomana hakuja kumsikilizisha muziki. Alikuja kumwonyesha picha.

"Angalia, sha, rafiki," alisema, akigonga kioo kwa kidole. "Iko picha moja inakaa? Hakuna! Bumu, bumu, imekwenda. Weye unaweka muzee mumoja anatafuna brosheti ya mbuzi dakika mbili nzima!"

Usumani aliitazama kaseti ile wiki nzima, mpaka akazijua sheria zake kama anavyozijua rakaa za swala. Picha haikai zaidi ya mapigo manne. Watu wanasimama mbele ya ukuta mweupe unaowaka, nao wamekuwa weusi kama makaa. Mtu mzima mzima haonekani. Unaonyeshwa midomo, kisha kisigino, kisha vidole, kisha kiuno. Moshi unapita. Taa inawaka na kuzimika, inawaka na kuzimika. Kipande kimoja kinarudiwa mara nne, mbele na nyuma, kufuata ngoma. Tena hakuna sauti nyingine yoyote ila muziki: wanaoongea hawasikiki, na wanaocheka hawasikiki. Hakuna mwenye jina humo ndani, na wote wanang'aa. Maskini Usumani, macho yakamtoka. Akazitazama kaseti zake rafuni, akaona haya.

Mwezi wa Agosti mkataba wa amani kati ya serikali na waasi ukatiwa saini Arusha, na watu wakaamini. Harusi zilizokuwa zimeahirishwa kwa ajili ya vita zikafunguliwa kama mvua. Ndipo alipokuja studio msichana aitwaye Illuminée, binti wa mjane mmoja wa Niboye, Xavérine, muuza vitambaa. Alikuwa anaolewa na kijana wa Kabuga.

"Nataka kama ile ya jirani yetu," alimwambia Usumani. "Ile mutu anaona watu. Unajua desturi yetu: bibi harusi anainamisha kichwa, haangalii watu, hacheki. Akicheka watasema amefurahi kumuacha mama yake. Sasa mimi sitaona kitu siku ile. Nitaona kwenye kaseti."

"Usiwe na wasiwasi dada," Usumani alisema. "Utaona mpaka uchoke." Lakini moyoni mwake alikuwa amekwisha amua kwamba harusi hiyo ndiyo atakayoitolea msala mpya.

Siku ilipofika alitundika shuka nyeupe mbele ya ukuta na kuweka taa kali nyuma yake. Taa nyingine aliifunika karatasi nyekundu za peremende zinazopitisha mwanga. Mashine ya moshi hakuwa nayo, akakoleza ubani katika chetezo mpaka wazee wakakohoa na pombe ikamwagika. Sibomana alisimama pembeni akipitisha kadibodi mbele ya taa, huku na huku, ili mwanga ukatike kama wa disko. Wageni walitazamana. Shangazi mmoja akauliza kama umeme umeharibika, akaambiwa anyamaze, ndiyo mtindo.

Kisha Xavérine akasimama kumuaga binti yake. Alikuwa mwanamke wa maneno machache, naye aliyasema taratibu, na ukumbi mzima ukamgeukia. Wanaume wazima wakajifuta macho. Illuminée alikuwa ameinama kama ilivyo desturi, machozi yakimdondokea mapajani, hakuthubutu kuinua uso. Na Usumani? Usumani alikuwa amelala kifudifudi sakafuni, anapiga picha ya kisigino cha kiatu cha Xavérine, kwa sababu kilikaa vizuri katika mwanga mwekundu.

Alifanya montaji kwa siku tisa. Kwa deki mbili, kila pahali picha inapokatwa ni kidole kinachobonyeza na kuachia, na yeye alikata mamia, hata kidole gumba kikavimba. Sauti yote ya harusi aliifuta, akaweka hausi mwanzo hadi mwisho. Nyuso alizokuwa amezipiga kwa mazoea, hapa na pale, alizitupa nje maana zilimchelewesha. Hadithi ya saa nne ikawa dakika thelathini, na alipoitazama alijipiga kifua.

Kaseti ilionyeshwa Niboye, sebuleni kwa Xavérine, nyumba imejaa. Vijana waliruka na kupiga makofi. Walisema Kigali haijapata kuona kitu kama hicho. Wakubwa walikuwa wakitafuta. Waliinama karibu na kioo kama watu waliodondosha sindano. Ilipokwisha, Xavérine alimvuta Usumani pembeni.

"Usumani, mwanangu, mimi iko wapi humu?"

"Si yule mama, kivuli cha pili kutoka kushoto? Na pale kiatu, ni chako."

"Kivuli?" Xavérine alisema. "Mimi nilizaa bibi harusi, weye unanionyesha kama muzimu? Na maneno yangu niliyomwambia mtoto, yako wapi?"

"Mama, hii ni hausi," Usumani alijibu kwa upole wa mtu anayejiona ameelimika. "Huko Ulaya sura haikai. Sura ni mambo ya zamani."

"Sawa. Lakini unitengenezee ingine, ya kizamani. Mimi ni mutu wa zamani."

Aliahidi. Na hapa ndipo ninapomkasirikia, maana ahadi hiyo aliitoa huku akijua kwamba haina kitu ndani. Kaseti mbichi, ile iliyotoka ndani ya kamera na picha zote na sauti yote, alikuwa amekwisha irekodia harusi nyingine juu yake. Xavérine alikuja mpaka Nyamirambo mara mbili, kwa miguu kutoka kituo cha basi. Mara zote mbili Usumani alimwambia umeme unasumbua, arudi wiki ijayo. Mara ya tatu mama hakuja. Alikuwa na vitambaa vya kuuza, na hakuwa mtu wa kugombana.

Jina la Usumani likavuma. Kila bwana harusi akataka moshi, kila bibi harusi akataka shuka nyeupe. Kwa miezi saba hakuhesabu uso wowote mpaka kumi.

Mwezi wa Aprili mwaka 1994 mauaji yakaanza. Watutsi waliwindwa nyumba kwa nyumba, na majirani waliokula pilau ya harusi moja ndio walioshika mapanga. Illuminée na mume wake walikuwa Kabuga, jeshi la waasi likafika huko mapema na kuwafukuza wauaji, nao wakaokoka. Nyumbani kwao Niboye hakuokoka mtu. Xavérine aliuawa pamoja na wanawe wawili, na nyumba yake ikachomwa, pamoja na picha zilizokuwa ukutani na kaseti iliyokuwa kabatini.

Usumani alinusurika. Aliporudi studioni Julai, kamera na deki zilikuwa zimeibwa, lakini wezi walitaka mashine tu, kaseti walizimwaga sakafuni. Sibomana hakuonekana tena wala haikujulikana alikoishia, na kaseti yake ya Ubelgiji ilipotea naye. Hakuna aliyeiulizia. Hakuna aliyekuwa na miguu ya kucheza hausi mwaka ule.

Walichoulizia ni zile ndefu. Walianza kuja mmoja mmoja, mtu wa harusi ya mwaka themanini na tisa, mtu wa ubatizo wa mwaka tisini. Usumani aliomba deki kwa mfanyabiashara aliyerudi kutoka Uganda na kufungua duka lenye jenereta hapo karibu, akawawekea humo dukani. Walikaa mbele ya kioo, na nyuso zikapita kiti kwa kiti, kila moja ikikaa pale mpaka kumi, ikitabasamu, ikitafuna, ikifukuza inzi. Mzee mmoja aliwaona watoto wake wote wanne katika benchi moja. Aliushika mkono wa Usumani, akaomba benchi lile lirudishwe. Kwa mara ya kwanza Usumani alifahamu kazi aliyofundishwa na mjomba wake ilikuwa kazi gani, na siku hiyo hakula.

Oktoba akaja Illuminée, na mtoto mchanga mgongoni.

"Mtoto ni Xavérine," alisema. "Nimekuja amuone bibi yake. Na mimi pia nimuone."

Usumani alijua kilichomo. Akaichukua nakala yake ya harusi ile, akaitia ndani ya deki. Ngoma ikaanza kugonga dukani, bumu, bumu, na wateja wakageuka kutazama. Shuka nyeupe, vivuli, moshi. Illuminée alimshusha mtoto, akampakata, akasogea mpaka magoti yakagusa meza.

"Simamisha! Hapo!"

Usumani akasimamisha. Picha ikatetemeka, mistari myeupe ikapita juu yake. Midomo ya mwanamke, inacheka, basi.

"Hii midomo ni ya nani?"

"Sijui dada."

Waliendelea. Mara saba alimwambia asimamishe, na mara saba ilikuwa mkono, au bega, au kisigino. Kisigino alikitambua. Alikitazama muda mrefu, kisha akamwonyesha mtoto. "Ni cha bibi," alisema. Ndipo akamgeukia Usumani.

"Basi ondoa muziki. Nisikie sauti yake tu."

"Haiondoki. Niliifuta."

"Ile ya kwanza, ile ya kamera?"

"Nilirekodi nyingine juu yake. Jumamosi iliyofuata."

"Mama alikuja hapa mara mbili. Aliniambia ni umeme."

"Nilimdanganya," alisema Usumani.

Mtu mwingine angemtupia kaseti usoni, na mimi nisingemlaumu. Illuminée aliuliza swali moja tu.

"Basi niambie kwa mdomo. Mimi nikifunga macho ninaona vile tulimkuta shimoni walipomtupa, sioni kingine. Siku ya harusi yangu sikumwangalia, niliinama. Lakini weye ulikuwa mbele yake na macho yako. Wakati ananiaga, alikuwa analia ao alikuwa anacheka?"

Usumani alifumba macho. Alitafuta kwa bidii ambayo hajapata kuitia katika jambo lolote. Aliona taa, akaona karatasi nyekundu, akaona Sibomana anapunga kadibodi, na akakumbuka hata alivyokuwa anahesabu mapigo. Mwanamke mwenyewe hakumwona popote.

"Sijui," alisema. "Sikumtazama."

Illuminée alimfunga mtoto mgongoni, akaikaza mbeleko kifuani. Kaseti hakuichukua. Alimshukuru mwenye duka kwa mafuta ya jenereta yake, akatoka kwenda kutafuta gari la Kabuga, na Usumani akabaki amesimama mbele ya kioo, na vivuli vikicheza.

Baada ya miezi michache alipata kamera nyingine, akarudia kupita kiti kwa kiti. Watu husema amejirudi, na wengine humsifu kwa hilo. Lakini viti vingi alivyopita sasa vilikuwa vitupu, na uso ambao angeutolea kila alichonacho ili auhesabie hata mpaka tatu, alikuwa nao mbele yake mchana kutwa, akalala chini apige picha ya kiatu. Usiache mbachao kwa msala upitao.