Aliyemvunja Hansa

Sogeeni, mlio na masikio na mlio na majibu ya haraka. Hii inataka masikio kwanza.

Katika chuo kimoja cha muziki mjini Tanga walikuwapo watu watatu wenye vipawa. Mwalimu Shekilindi alikuwa na kipawa cha kuamua: akisema fulani ni mwanamuziki, mji mzima ulikubali. Lusajo, mpiga udi, alikuwa na kipawa cha ulimi. Neno lake moja liliweza kuchekesha hata waliofiwa. Na Mwanakombo, mpiga fidla, alikuwa na kipawa cha sikio. Sauti ikipinda kidogo tu, yeye aliijua.

Mwenzao Hansa, binti wa Kihindi wa mtaa wa Ngamiani, naye alipiga fidla. Yeye na Mwanakombo walifanya mazoezi barazani kwa kina Hansa, mama mtu akiwaletea bajia, wakila sahani moja. Hansa ndiye aliyemfundisha Mwanakombo kuvuta upinde bila kuukwaruza wimbo.

Siku ya kumchagua atakayeongoza fidla kwenye mahafali, wanafunzi walipiga nyuma ya pazia ili pasiwe na upendeleo. Mmoja wao alipoanza, Mwalimu alifumba macho.

"Huyu ni mtoto wa pwani," alisema. "Mkono kama huu haufundishwi."

Pazia likafunguliwa, akatokea Hansa.

Mwalimu alikohoa. "Umepiga vizuri, binti. Lakini nyinyi Wahindi mna vidole tu. Wimbo wa hapa unataka moyo wa mtu wa hapa."

"Mimi ni wa hapa, Mwalimu," Hansa alisema taratibu. "Hata bibi yangu kazaliwa hapa."

Mwalimu akasita, na huenda angejirudi. Lakini Lusajo alidakia: "Hansa, wewe tupigie hesabu za dukani, fidla tuachie wenyewe." Ukumbi mzima ukaangua kicheko, na kicheko kile kikamfungia Mwalimu njia ya kurudi.

Ndipo akamgeukia Mwanakombo. "Utaongoza wewe?"

Mwanakombo alijua. Kuliko mtu yeyote mle ndani, alijua kwamba hakumfikia Hansa hata robo. Aliinua uso akakuta Hansa hamtazami Mwalimu wala Lusajo. Anamtazama yeye.

"Ndiyo, Mwalimu," akajibu, akainamisha macho.

Tangu hapo Hansa hakuonekana chuoni.

Siku ya mahafali Mwanakombo aliongoza, na watu wakapiga makofi. Alipokuwa akishuka jukwaani, mama yake Hansa alipenya katikati ya watu, akamkumbatia. "Umetupendezesha, mwanangu. Mwenzio ana homa, alitamani sana kuja." Kumbe Hansa hakumwambia mama yake lolote. Alikuwa amewasitiri. Mwanakombo alisimama tu, amekumbatiwa, makofi yakimchoma kama viboko.

Kesho yake aliwafuata Mwalimu na Lusajo. "Kiti kile kilikuwa cha Hansa," aliwaambia, "na sote tunajua." Hakuna aliyekana. Mwanakombo akampigia Hansa simu mbele yao, akaomba waende kumtaka radhi.

"Msije wote," Hansa alisema. "Mkija watatu, kila mmoja atajificha nyuma ya mwenzake. Aje mmoja, yule aliyenivunja zaidi. Huyo nitamfungulia mlango. Wengine nisiwaone."

Mwalimu alisema, "Niende mimi. Niliisikia kweli kwa masikio yangu, nikaikana kwa macho. Nisingeanza mimi, nyinyi msingepata pa kuendelea."

Lusajo akatikisa kichwa. "Wewe ulikuwa unasita, Mwalimu. Mimi ndiye niliyekumalizia. Na utani ule bado wanaurudia hapa chuoni, mpaka wasiokuwapo siku ile. Niende mimi."

"Nyinyi hamkula naye sahani moja," Mwanakombo alisema. "Neno langu moja tu, hapana, lingetosha. Nikasema ndiyo."

Wakabaki wamesimama, kila mmoja akiona haya kumwambia mwenzake abaki, na akiona haya zaidi kutangulia.

Basi nyinyi mliosikiliza, mlango ni mmoja na anayengojwa ni mmoja. Hansa alivunjwa na aliyehukumu, na aliyechekesha, au na aliyekubali? Je, wewe ungemtuma nani akabishe hodi? Na wale waliocheka ukumbini, wao ungewaweka wapi?