Kidari cha Kuku wa Mwanakombo

Kwanza apa. Siyo kutikisa kichwa, apa kwa mdomo, sema wallahi hili silitoi nje, maana wajukuu wa huyo Sultani wangalipo na mdomo wangu huu umeshaniponza. Umeapa? Haya, sogea.

Hapo zamani, zamani za watu kuvaa viatu vya miti, palikuwa na Sultani akiitwa Shadhili, ana jumba la vyumba arubaini na jiko lisilozima. Nyuma ya jiko lile palikuwa na kibanda cha makuti cha mjane mmoja, Mwanakombo, hana mbele wala nyuma, mali yake kuku jike mmoja wa kijivu. Basi Sultani akakitamani kibanda. Cha nini? Cha kuwekea kuni! Vyumba arubaini, mwenzangu, na kuni hazina pa kulala!

Lakini kumtoa mjane nyumbani mwake hivi hivi ni aibu, na kadhi hakubali. Ikawa Sultani atafute sababu. Akamwita barazani mbele ya watu, akamwambia, "Ewe Mwanakombo, nasikia u hodari wa kupika."

"Nasikia na mie, bwana wangu, ila chungu changu hakijasikia."

Watu wakaangua kicheko. Sultani hakucheka. "Kesho alasiri naja kwako. Nimkute kuku wako yule kwenye sinia, chini ya kawa, kidari kimejaa wali wa zabibu na mayai hata kimetutumka. Mchele na samli nitaleta mimi. Na kesho kutwa asubuhi nimsikie kuku huyo huyo akitetea kiotani. Likipungua moja katika haya, kibanda ni changu."

"Hewala, bwana wangu. Na yakitimia yote?"

"Kibanda chako, nami sikigusi maisha."

Kadhi akayaandika yote, neno kwa neno.

Mwanakombo akarudi kwake miguu mizito. Nyumba ile ndiyo aliyoachiwa na marehemu, akitoka pale analala wapi? Kulipokucha akapika, afanyeje! Akakaanga vitunguu kwa samli ya Sultani, akatia hiliki, mdalasini, zabibu, akakatakata mayai ya kuchemsha, akachanganya na wali, harufu ikapanda mpaka jumbani. Kisha akanoa kisu, machozi yanamtoka, akageuka kumtafuta kuku.

Kuku yuko wapi? Kaingia mzimamzima kwenye sinia la wali! Anadonoa, anameza, hata mayai anakula, kuku hana haya yule! Na kila akimeza, kidari kinavimba. Mwanakombo akamtazama. Akakitupa kisu. Akacheka peke yake hata wapishi wa jumbani wakachungulia dirishani. "Kula, mwanangu," akamwambia, "leo ndiyo siku yako."

Wali uliobaki akawagawia majirani.

Alasiri Sultani akaja na kadhi na waziri. Tangu asubuhi hakutia kitu kinywani, ati aache nafasi, na jikoni kwake kaamuru moto uzimwe. Akanawa mikono. Na desturi, kawa hufunuliwa na mgeni mkubwa. Basi akasema Bismillahi, akafunua.

"Koo!" akasema kuku.

Sultani akaanguka kitako, kilemba upande. "Nini hiki?"

"Kuku wangu, bwana wangu, kwenye sinia. Nimemfunga mguu kwa ukaya wangu huu wa kichwani, asije akakukosea adabu. Gusa kidari."

Sultani akagusa kwa kidole kimoja.

"Kimejaa?" akauliza kadhi.

"Kimejaa."

"Kimetutumka?"

"Kimetutumka! Lakini huyu hakuchinjwa! Hakupikwa!"

"Wali nimeupika, bwana wangu," akasema Mwanakombo kwa unyenyekevu. "Kuku hukuamrisha nimpike."

Kadhi akafungua karatasi, akaisoma mara mbili, ndevu zinamtikisika kwa kicheko anachokibana. "Halimo," akasema.

"Na mimi nile nini?" Sultani akafoka.

"Hilo nalo halimo," akasema kadhi.

Waziri ndiye aliyeanza, pfff! kisha kadhi, kisha majirani nje ya mlango, wameshiba wali wa Sultani, na tumbo la Sultani nalo likanguruma hadharani. Akajizuia, akajizuia, mwisho akacheka mwenyewe. "Mwanamke, umenifunga kwa mdomo wangu. Una kitu chochote hapa?"

Akaletewa muhogo wa kuchemsha na chumvi. Alikula kama mbeba mizigo, akaomba tena. Asubuhi yake kuku akatetea mpaka jumba zima likaamka, na Mwanakombo akakaa kibandani mwake hata alipokufa.

Haya kanihadithia Bi Msimu, mkunga wetu, naye kayapata kwa bibi yake, aliyekuwa akiosha masinia ya jumbani.