Maziwa ya Kumtembelea Mgonjwa

Mama mmoja, fundi cherehani, aliambiwa na daktari kwamba figo zake zimeanza kushindwa kazi. Hakukatazwa kula. Alipewa kipimo: nyama kidogo, maharage kidogo, maziwa kidogo, na asiongeze chochote cha kujenga mwili bila kuuliza. Alikishika kipimo hicho, akawa anaendelea vizuri.

Wanajumuiya wenzake wa kanisani wakasikia anaumwa. Mnatujua tulivyo, tukichanga tunachanga. Wakanunua maziwa ya pakiti yenye ladha ya chokoleti, yale yaliyoongezwa protini, ambayo hata watoto wao nyumbani hawanunuliwi. Wakaimba, wakasali, kisha mwenyekiti wao, Mama Revocatus, akafungua pakiti na kumtia mkononi.

"Kunywa, dada yangu. Leo hatuondoki mpaka tuione pakiti tupu."

Wakacheka. Mama yule akaitazama pakiti. Alijua. Lakini utawaambiaje watu waliotembea juani kuja kukuona kwamba walichobeba hakikufai? Si watasema unaringa hata kitandani? Akanywa. Yalikuwa matamu, na utamu nao ulimsaidia kunyamaza.

Wakawa wanarudi kila wiki, naye kila wiki anakunywa mbele yao. Mwili ukaanza kumwasha, chakula kikawa hakipiti. Alipokwenda kliniki, daktari akaona vipimo vimeharibika, akamuuliza anatumia nini. Aliposikia habari ya maziwa, akamwambia wazi kwamba akiendelea hivyo, mashine ya kusafishia damu itamfikia mapema.

Na wanajumuiya, walipomwona amekonda, walifanya nini? Walileta katoni nzima.

Safari hii aliiweka pakiti chini.

"Mama Revocatus, kwa figo zangu hizi, maziwa haya yananiumiza. Daktari alinionya tangu mwanzo."

"Jamani! Sasa mbona hukutuambia?"

"Mlisali, mkaimba, mkaninywesha. Hakuna aliyeniuliza daktari alisemaje."

Ndugu zangu, yule mama alikosea kunyamaza. Simtetei. Lakini yeye alikuwa mmoja, tena mgonjwa. Waliojaa chumbani ni watu kama sisi. Tunapenda kutoa kitu kinachoonekana tukikibeba barabarani. Kuuliza hakuonekani, na jibu laweza kututuma kazi tusiyoitaka. Kwa hiyo tunakisia, tunanunua, tunasimama kando ya kitanda kusubiri shukrani. Je, huo ni upendo, au tunajilisha wenyewe kwa mdomo wa mgonjwa?

Jumamosi tunakwenda kwa mgonjwa wa jumuiya yetu hapa. Kabla hatujaingia dukani, mmoja wetu ampigie simu amuulize anachohitaji. Akisema chakula anacho, ila mashuka yake hayajapata wa kuyafua, basi tutakwenda na sabuni.