Mfereji Uliosubiri Mgeni Rasmi

Mwaka mmoja, enzi zile wanyama wangali wakisemezana, mvua iligoma kabisa. Bahati nzuri, wanyama wa bondeni walikuwa wamemaliza kuchimba mfereji kutoka mtoni. Walikuwa pia wamechonga barabara hadi kwa jamaa zao wa milimani, ambako mahindi yaliozea ghalani kwa kukosa njia. Bahati mbaya, lango la mfereji na kizuizi cha miiba barabarani walimkabidhi Fisi avilinde. Eti kwa sababu ana meno.

Fisi alifunga utepe mwekundu langoni, mwingine kwenye kizuizi, akajilaza kivulini.

"Bwana Fisi, fungua basi," alisihi Mama Swala. Mwanawe alikuwa amelala miguuni pake, ulimi nje. "Huyu hafiki kesho."

"Shemeji, ningependa sana," alijibu Fisi, akimkagua mtoto kwa jicho la mpishi. "Lakini mradi haujazinduliwa. Mgeni rasmi ni Simba, na mheshimiwa ana ratiba ngumu."

Ratiba gani? Simba hakuwa hata amealikwa. Fisi alijua kwamba lango likibaki limefungwa, wenye kiu wataanguka hapo hapo mmoja mmoja, naye atakula bila kukimbia. Mvivu huyo, na tumbo lake lile!

Sungura alimtazama mtoto wa Swala, akakasirika. Akamtuma Njiwa ampelekee Simba mwaliko, kisha akamwendea Fisi akitabasamu.

"Mzee, hongera. Kikao kimeamua mgeni rasmi ni wewe."

"Mimi?" Fisi aliinuka.

"Wewe. Na unajua mgeni rasmi hupakuliwa kwanza. Mapaja ya nyama yameshaandaliwa, yapo milimani."

"Sasa mbona hayaletwi?"

"Yataletwaje, mzee? Si ulisema mwenyewe haijazinduliwa barabara wala mfereji?"

Mate yalimdondoka Fisi. Mkasi hakuwa nao, akaukata utepe kwa meno, akainua lango. Maji yakaja kwa kishindo. Mama Swala alimsukuma mwanawe ndani hadi masikioni, akalia kwa furaha. Fisi hakugeuka. Alikimbilia kizuizi, akakata utepe wa pili, akang'oa miiba yote, akasimama katikati ya barabara kuyapokea mapaja.

Walikuja nyati wamebeba mahindi. Mahindi matupu. Wakampita.

Nyuma yao akaja Simba, manyoya yamechanwa, hotuba iko kifuani. Akakuta maji yanatiririka, wanyama wanachoma mahindi, na hakuna wa kumpigia makofi.

"Nani amekata utepe wangu?"

Hakuuliza nani alikuwa na kiu. Wanyama walinyoosha videvu kuelekea kwa Fisi.

"Si mimi, mheshimiwa," Fisi alianza, na utepe ukaning'inia kati ya meno yake.

Alitimuliwa bondeni huku akichechemea. Siku hizi kule wakitafuta mlinzi wa maji, hawaulizi nani ana meno. Wanauliza nani ana kiu.