Jenerali na Mbegu ya Mtama

Mtu mmoja alikuwa na hamu kubwa ya kupanda cheo. Aliitwa Ambrose Thirlwell, askari wa Kiingereza wa zama za Malkia Viktoria. Hakuwa mkatili. Aliwapenda askari wake, alisali kila Jumapili, na kazi aliyopewa hakuiacha njiani.

Alipokuwa meja, alitumwa kwenye nchi ya milima ambayo watu wake walikataa kutawaliwa. Walijificha mapangoni, naye akakosa wa kupigana naye. Akaona maghala yao yamejaa mtama, akaamuru yachomwe. Moshi ukatanda bondeni kote. Wazee wakashuka mikono mitupu kuomba amani, na hakuna askari wake aliyekufa. Kwa ushindi huo akapewa ukanali, na baadaye ujenerali.

Mvi zilipomjaa, serikali yake ikamtunukia heshima ya mwisho: awe gavana wa nchi ile ile. Alifurahi, maana sasa alitaka kuwatendea mema. Lakini mwaka alioingia mvua haikunyesha, na mashamba yakakauka. Watu wakaanza kufa kwa njaa.

Wanawake wakaja barazani kwake, wakiongozwa na mjane aitwaye Nyamizi. Jenerali akaamuru wapewe mchele wa askari. Nyamizi akaupokea kwa mikono miwili, kisha akasema:

“Bwana mkubwa, ahsante, leo watoto watakula. Lakini ule mtama wa babu zetu, uliokuwa ukistahimili ukame, mbegu yake ilikuwa maghalani. Tutaipata wapi?”

Jenerali alituma watu nchi za jirani watafute mbegu. Wakaleta za aina nyingi, zikaota, zikanyauka. Akafungua bohari zote za jeshi, nazo hazikutosha. Jioni alikuwa akitembea peke yake kati ya makaburi mapya, bila kofia, na hakuna aliyethubutu kumsemesha.

Muda wake ulipokwisha, aliomba aondoke kimyakimya, bila mizinga ya heshima. Mizinga ikapigwa vilevile, kwa kuwa cheo chake kilistahili. Watu wa milimani, waliosalia, waliisikia kwa mbali wakakimbilia mapangoni.

Ndugu yangu, unapotumwa leo kuteketeza, nawe ukasifiwa kwa kutii, unajua ni nini utakabidhiwa kesho ukitunze?