Nafasi Tisa za Wanaohamia

Wapendwa, Biblia tuziweke magotini kwanza. Kuna binti nataka niwasimulie habari zake.

Binti huyu, jina lake Atuganile, alikuwa akisomea uuguzi na ukunga kwenye chuo kimoja kidogo. Alipomaliza mwaka wa kwanza, chuo kikaishiwa walimu, kozi ikafungwa. Wanafunzi wakapewa matokeo yao na kuambiwa watafute pa kuhamia. Kila mmoja aombe vyuo visivyozidi vitatu, na kabla ya mwezi kuisha.

Sasa huyu binti alikuwa na chuo chake moyoni. Kipo mlimani, kimeshikana na hospitali ya misheni. Dada yake aliwahi kujifungulia pale, akavuja damu mpaka watu wa nyumbani wakaanza kulia, na mkunga mmoja akahangaika naye hadi akamrudisha. Dada yupo hai, mtoto anakwenda shule. Tangu siku ile Atuganile alikuwa akisema atakuwa kama mkunga yule.

Mngekuwa ninyi, mngeandika chuo kipi kwanza?

Yeye hakukiandika kabisa. Aliketi na karatasi ya matokeo, akatazama mstari mmoja tu: anatomia, alishindwa, akarudia mtihani. Mtihani huo wa kurudia wanafunzi wanauita sapu. Masomo mengine yote alifaulu vizuri, lakini macho hayakwenda huko. Akachagua vyuo vitatu ambavyo alikuwa na hakika havitamkataa. Baba yake akaipitia ile orodha, akauliza kile cha mlimani mbona hakioni.

"Baba, kile hawachukui mtu mwenye sapu."

Mzee wa watu hakujua sapu ni kitu gani; alidhani ni ugonjwa. Akamwonea mwanawe huruma, akamrudishia karatasi yake.

Chuo kimoja kikamkubali, ila kikamrudisha mwaka wa kwanza, aanze upya na wadogo zake. Akaenda. Alisoma, sikatai, lakini kwa uchungu. Na kila aliyemuuliza alimjibu kwamba mlimani walimkataa. Alilisema hilo mpaka akaliamini.

Miezi ikapita. Wakapelekwa kwenye wodi ya wazazi ya hospitali ya wilaya, wajifunze kwa vitendo. Huko wakawakuta wanafunzi wa chuo cha mlimani na mwalimu wao, mama mtu mzima aitwaye Mwalimu Sekela. Asubuhi hiyo kulikuwa na mzazi mmoja, uzazi wake wa kwanza, ameogopa, hataki kuguswa. Atuganile akapiga magoti kando ya kitanda, akamshika mkono, akavuta pumzi pamoja naye, polepole, mpaka yule mzazi akakubali kupimwa.

Mwalimu aliona. Baadaye akamwita pembeni, akamuuliza ametokea wapi. Aliposikia habari za chuo kilichofunga kozi, akauliza mbona hakuja kwao. Binti akafungua kinywa aseme lile la siku zote, akakumbuka anaongea na nani.

"Nilijua msingenichukua, Mwalimu. Nina sapu."

"Nani alikwambia?"

Binti akaanza kukunja pindo la sare yake.

"Mwanangu, mwaka ule tulitenga nafasi tisa za wanaohamia. Walioomba walikuwa saba. Tuliwachukua wote, na wawili kati yao walikuwa na sapu kama wewe. Vitanda viwili bwenini havina mtu hadi leo."

Atuganile akaketi kwenye benchi akalia. Mwalimu akamsubiri amalize, kisha akamweleza kwamba maombi ya kuhamia yatafunguliwa tena Septemba. "Siwezi kukuahidi nafasi. Ila safari hii andika, halafu utuachie sisi kujibu."

Akaandika. Walimchukua. Leo ni mkunga, na wapo watoto mitaani kwetu waliopokelewa na mikono yake.

Ndugu zangu, nani alimkataa binti huyu? Mara ile ya kwanza chuo hakikuliona hata jina lake! Barua ya kumkataa aliiandika mwenyewe, akaitia saini mwenyewe, akajipelekea mwenyewe. Kisha akawalaumu wenye chuo.

Na sisi je? Yupo mtu hapa leo ana miaka sita hajasogea kwenye meza ya Bwana, kwa sababu ya kosa moja analolijua yeye. Anasema Mungu hanitaki. Nani alikwambia? Yupo mama hajamwombea tena mwanawe mlevi, anasema hilo limeshashindikana. Limeshindikana kwa nani? Yupo kijana fomu ya kuomba chuo anayo nyumbani, imekunjwa ndani ya daftari, hajaandika hata jina.

Siwadanganyi kwamba kila tunaloomba tutapewa. Hata mwalimu yule hakuahidi. Lakini tumezoea kujibu kwa niaba ya Mungu, na kila mara tunajibu hapana. Tuache. Kuomba ndiyo kazi tuliyopewa sisi; ya kujibu tumrudishie Mwenyewe, maana anaiweza kuliko sisi, na ana huruma kuliko sisi.